Kusomea saikolojia ya shule Marekani: masaa, mtihani, leseni, na maswali ya kuuliza kabla hujalipa hata senti

Kila ikifika mwezi wa 9 meseji zinaanza kuingia. Dada mi nimemaliza digrii ya saikolojia Dar, dada mi niko Ohio nahudumia wazee lakini nyumbani nilikuwa mwalimu miaka 8, nataka kuwa mwanasaikolojia wa shule naanzia wapi. Nimekuwa nawajibu mmoja mmoja mpaka usiku wa manane, sasa nimeona bora niandike yote mahali pamoja, maana maswali ni yale yale na kosa ni lile lile. Mtu anachagua chuo kwanza, kwa sababu kuna binamu anakaa karibu au ada imepungua kidogo, halafu leseni anakuja kuiuliza mwishoni akiwa ameshatumia miaka 2 na hela ambayo ukoo mzima ulichangishana. Fanya kinyume chake. Anza na jimbo unalotaka kufanyia kazi, uliza leseni yao inataka nini, ndo urudi nyuma kutafuta chuo.

Mi nimesomea Marekani na ndiko nafanya kazi kwa hiyo haya yote ni ya Marekani, usiyapeleke Uingereza au Kanada ukadhani yatakaa sawa, kule wana njia zao.

Kwanza ujue kazi yenyewe

Watu wengi wanachanganya. Mwanasaikolojia wa shule sio yule mshauri anayemsaidia mwanafunzi kupanga masomo na kuomba chuo, na sio daktari wa akili, dawa hatuandiki. Sisi tunakaa shuleni. Mwalimu akiona mtoto hasomi, au anapiga wenzake, au amenyamaza tu ghafla tangu mwezi uliopita, sisi ndo tunaitwa kuangalia kuna nini. Tunapima, tunakaa darasani kuangalia, tunaongea na mzazi, tunafanya ushauri nasaha na mtoto mmoja mmoja au kikundi, tunamsaidia mwalimu abadilishe namna ya kufundisha, na shule ikipata msiba tuko pale.

Nguvu ya kazi hii inatoka kwenye sheria. Mwaka 1975 Marekani ilipitisha sheria kwamba kila mtoto mwenye ulemavu ana haki ya elimu ya bure inayomfaa, kabla ya hapo shule nyingi zilikuwa zinawakataa hivi hivi tu. Leo sheria hiyo inaitwa IDEA. Mzazi akisaini ruhusa, shule ina siku 60 kwa sheria ya shirikisho kumaliza uchunguzi, isipokuwa jimbo limeweka muda wake, na ikionekana anastahili anaandikiwa mpango wake mwenyewe unaoitwa IEP. Ripoti yetu inakaa katikati ya hayo yote. Ukiikosea, mtoto anaweza kukaa darasa lisilo lake miaka. Sijasema hivi kukutisha, nataka uelewe kwanini mafunzo yamekuwa marefu hivi na kwanini hakuna njia ya mkato.

Chama cha kitaifa cha wanasaikolojia wa shule, NASP, kinashauri mwanasaikolojia 1 kwa wanafunzi 500, na sehemu nyingi ziko mbali sana na hapo, mmoja anazunguka shule mbili tatu. Kwa hiyo kazi zipo.

Hatua ya 1: chagua jimbo, soma masharti yake

Marekani haina leseni moja ya nchi nzima kwa kazi hii, kila jimbo lina yake. Majimbo mengi leseni inatolewa na idara ya elimu ya jimbo, lakini Texas inatolewa na bodi inayosimamia wanasaikolojia, na California unapewa hati ya huduma za wanafunzi inayoitwa PPS. Nenda kwenye tovuti ya idara ya elimu ya jimbo lako, tafuta ukurasa wa leseni za wataalamu wa shule, usome mwenyewe, usiambiwe na mtu wa WhatsApp. Andika pembeni vitu 4: ngazi ya digrii wanayotaka, krediti ngapi (yaani uzito wa kozi unazosoma), masaa mangapi ya intanshipu (yaani mafunzo ya kazini ya mwisho), na mtihani gani na alama ngapi.

Ukishapata hizo namba 4 ndo ufungue orodha ya programu zilizoidhinishwa na NASP, iko wazi kwenye tovuti yao na huhitaji kulipia kuiona. Kama programu unayoitaka haimo haimaanishi ni mbovu, zipo zinazokubaliwa na jimbo lake tu na watu wanafanya kazi vizuri, ila siku ukihamia jimbo lingine ndo utajua tofauti, utaanza kukusanya karatasi moja moja kuthibitisha kila kozi uliyosoma. Sisi wageni tunahamahama sana, leo Maine kesho Texas kwa sababu shemeji amepata kazi kule, kwa hiyo mi ushauri wangu ni chukua iliyoidhinishwa hata kama ada imezidi kidogo.

Hatua ya 2: ngazi gani

Hapa majina yanachanganya kweli kweli. Masters ya kawaida ya krediti 30 na kitu haitoshi karibu kila mahali. Ngazi inayohitajika inaitwa ya utaalamu, iko juu ya masters na chini ya PhD, na vyuo vinaipa majina tofauti, kuna EdS, kuna SSP, kuna CAGS, kuna wengine wanaiita masters lakini ndani ina krediti 60. Usiangalie jina, angalia namba. Kiwango cha NASP cha mwaka 2020 ni miaka 3 ya kusoma muda wote, krediti za semista zisizopungua 60, na kati ya hizo 54 ziwe nje ya intanshipu, halafu intanshipu ya masaa 1,200.

Ngazi ya udaktari, yaani PhD, PsyD au EdD, ni krediti 90 na zaidi, 78 kati yake ziwe nje ya intanshipu na tasnifu, na intanshipu ni masaa 1,500. Kwa kawaida inakula miaka 5 au 6. Ina faida yake, unaweza kufundisha chuo kikuu, na kama programu inatambuliwa na APA, chama cha wanasaikolojia wote wa Marekani, unaweza kwenda kutafuta leseni ya mwanasaikolojia kamili ukafungua ofisi yako. Lakini kama nia yako ni kukaa shuleni na watoto, ngazi ya utaalamu inakutosha. Nimeona watu wanaingia PhD kwa sababu tu nyumbani tunapenda kuitwa daktari, mwaka wa tatu wanachoka, wana watoto wadogo, wana mama anategemea hela ya kila mwezi. Kaa na familia yako mlijadili hili kwa ukweli.

Hatua ya 3: maombi

Digrii ya kwanza sio lazima iwe saikolojia. Ualimu unakubalika, ustawi wa jamii unakubalika, lakini wengi watataka uwe umesoma takwimu, ukuaji wa mtoto, na kozi moja ya magonjwa ya akili au upimaji. Waliosoma digrii ya ualimu katika saikolojia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam huwa wanajikuta hizo tayari wanazo. Kama hujasoma takwimu, ichukue chuo cha jamii hapa, rahisi, inaisha semista moja.

GPA, yaani wastani wa alama zako za chuo, wanayotaka wengi ni 3.0 kwa kipimo chao cha 4. Transkripti yako ya nyumbani inabidi itafsiriwe kwa mfumo wao na kampuni ya kutathmini vyeti, WES ndo inajulikana zaidi lakini uliza chuo kinakubali ipi kabla hujalipa. Na anza mapema, naomba unisikilize hapa, kwa sababu chuo chako cha nyumbani ndo kitatuma transkripti moja kwa moja na hiyo peke yake inaweza kuchukua miezi. Uwe na mtu wa kwenda kwenye ile ofisi kwa miguu, mdogo wako, shangazi, mtu yeyote atakayekaa kwenye benchi mpaka bahasha itoke. Mi ya kwangu ilikaa wiki 11 kwenye meza ya mtu, hakuna aliyekuwa na ubaya, ilikaa tu.

GRE, ule mtihani wa kuingilia masomo ya juu, vyuo vingi vimeiacha. TOEFL au IELTS, mitihani ya Kiingereza, utaombwa kama digrii yako ya kwanza hukuisomea nchi wanayoihesabu kuwa ya Kiingereza, na kuna vyuo vinasamehe waliosoma Kenya au Tanzania kwa Kiingereza, ila lazima uandike uombe msamaha, hawakupi bila kuomba.

Kwenye barua ya kujieleza usianze na utoto wako mgumu kisha ukaishia hapo. Wanaosoma wanataka kuona unajua kazi hii ni ipi, umewahi kukaa na watoto, na uliona nini. Kama umefundisha darasa la watoto 90 Singida, eleza ulivyofanya kumtambua yule wa nyuma ambaye alikuwa haoni ubao. Hiyo ndo saikolojia ya shule tayari. Barua za mapendekezo huwa 3, angalau 1 iwe ya mwalimu wa chuo aliyekufundisha. Mwisho wa kutuma huwa kati ya Desemba na Februari kwa wanaoanza Agosti, halafu intavyu.

Hatua ya 4: hela na viza

Ukiwa raia au una grinkadi unajaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa hela wa serikali, na mkimbizi au aliyepewa hifadhi pia huingia kwenye kundi la wanaostahili. Lakini mkopo wa wanafunzi wa juu umebadilika. Ile Grad PLUS iliyokuwa inakopesha mpaka gharama yote imefungwa kwa wakopaji wapya kuanzia tarehe 1 Julai 2026, na kwa programu nyingi za ngazi hii kikomo ni dola 20,500 kwa mwaka na jumla 100,000. Kwa hiyo zile hesabu za waliosoma miaka 5 iliyopita usizitumie. Ukija kufanya kazi shule ya umma kuna mpango wa kufutiwa deni baada ya malipo 120, nao soma masharti yake vizuri kabla hujachagua aina ya kulipa.

Tafuta kazi ya usaidizi chuoni, unamsaidia profesa utafiti au kufundisha, wao wanapunguza ada na kukupa posho. Kwa PhD zipo nyingi, kwa ngazi ya utaalamu ni chache ila zipo. Uliza pia kama programu ina ruzuku ya kufundisha wataalamu wanaojua lugha mbili, ila usijenge maisha yako yote juu ya ruzuku, mwaka 2025 Wizara ya Elimu ya Marekani ilisitisha ruzuku nyingi za afya ya akili shuleni katikati ya safari.

Kwa mwenye viza ya F-1, ile ya mwanafunzi, kuna mtego ambao hakuna aliyeniambia mpaka nilipouona kwa mwenzangu. Intanshipu unaifanya kwa ruhusa inayoitwa CPT. Ukifikisha miezi 12 ya CPT ya muda wote, unapoteza OPT, yaani ule mwaka wa kufanya kazi baada ya kumaliza. Mwaka wa shule ni kama miezi 10, uko salama, lakini ukiongeza kazi ya muda wote ya likizo ya kiangazi umevuka. CPT ya masaa 20 au chini kwa wiki haihesabiwi humo. Kaa na afisa wa wanafunzi wa kigeni mwaka wa kwanza kabisa, mchore kalenda pamoja. Na programu za onlaini kwa F-1 karibu hazifai, kozi moja tu ya onlaini kwa semista ndo inahesabiwa kwenye mzigo wako.

Hatua ya 5: mwaka wa kwanza, darasani

Mwaka wa kwanza utasoma takwimu, ukuaji wa mtoto, sheria na maadili, ushauri nasaha, na kile ambacho kila mtu anakikumbuka, upimaji. Unapewa sanduku la WISC-V, kipimo cha akili cha watoto wa miaka 6 mpaka 16, unaenda kutafuta watoto wa majirani na wa kanisani wa kufanyia mazoezi, kwa ruhusa ya mzazi na matokeo hayatumiki popote. Unarekodiwa video, profesa anaangalia kila sekunde.

Mi nilifeli video yangu ya kwanza. Mtoto alikuwa anapanga vile vibao vyekundu na vyeupe, akapatia, nami nikampigia makofi madogo nikasema vizuri sana, ikaja inayofuata akakosa nikakaa kimya, basi yule mtoto akaniangalia usoni na kuanzia hapo akawa hafanyi kitu bila kuniangalia kwanza. Profesa akasimamisha video pale pale kwenye uso wa mtoto. Akasema umeshamwambia majibu yake. Unaruhusiwa kusifia bidii, huruhusiwi kusifia jibu. Sisi tuliofundisha nyumbani tumezoea kumsogezea mtoto mkono, kumkumbusha, kumwambia hebu jaribu tena, na kwenye kipimo kila kimoja cha hivyo kinaharibu namba, kwa sababu ile namba ina maana tu kwa kuwa watoto 2,200 wa Marekani waliotumika kuweka kiwango walipimwa kwa maneno yale yale na muda ule ule. Wastani ni 100, na alama 15 juu au chini ndo hatua moja. Ukibadilisha maneno, unalinganisha vitu viwili visivyofanana.

Halafu kujumlisha. Usione aibu kutumia kikokotoo mara tatu. Makosa mengi ya wanafunzi sio ya saikolojia, ni ya hesabu za kujumlisha na kusoma mstari mbaya kwenye jedwali la umri, mtoto wa miaka 8 na miezi 11 ukamsoma kama wa 9.

Hatua ya 6: mwaka wa pili, praktikamu

Siku 1 au 2 kwa wiki uko shule halisi na supavaiza mwenye leseni. Masaa yanatofautiana kwa chuo na jimbo, California kwa mfano ni 450 kabla ya intanshipu. Anza daftari la masaa siku ya kwanza, tarehe, ulifanya nini, umri wa mtoto, nani alikusimamia, na liwe linasainiwa kila wiki. Usiandike jina la mtoto. Mtu anayeacha mpaka mwezi wa 5 halafu aanze kukumbuka atalia.

Nataka nikae hapa kidogo, kwa sababu hapa ndo niliamua nitaifanya kazi hii mpaka uzee.

Kulikuwa na kijana mmoja, nimebadilisha vitu vyake ili asijulikane, amezaliwa kambi ya Nyarugusu, Kigoma, wazazi wametoka Kivu. Yuko Marekani miezi 14. Mwalimu akimuuliza kitu anajibu kwa Kiingereza chake kidogo kwamba hasikii. Wakampima masikio, masikio mazima. Anaulizwa tena, hasikii. Sasa kwenye faili ikaanza kuandikwa kwamba hazingatii, halafu mtu mwingine akaandika huenda uelewa wake uko chini, na karatasi ya ruhusa ikapelekwa nyumbani apimwe kwa ajili ya elimu maalum. Mi nilikuwa mwanafunzi tu, nimekaa pembeni na daftari. Supavaiza akaniambia jaribu kumsalimia kwa lugha yenu. Nikamsalimia, nikamuuliza, Kiingereza unakisikia? Akasema, nasikia kidogo tu.

Kwa Kiswahili cha Kongo kusikia lugha ni kuielewa. Mtoto alikuwa anatafsiri neno kwa neno, anawaambia ukweli miezi 14, sielewi, sielewi, na watu wazima wenye digrii wanamwangalia masikio.

Tukaanza upya. Nyumbani Kibembe, kambini Kiswahili, shule ya kambini alisoma kwa Kifaransa kwa sababu watoto wa Kongo kule walifuata mtaala wa Kongo, Kiingereza ni lugha ya nne. Tukampima kwa vipimo visivyotumia maneno, vipo kama UNIT-2 na Leiter-3, unaelekeza kwa ishara za mikono. Tukakaa na mama masaa mawili kwa Kiswahili, alikuja na mtoto mgongoni na bahasha yenye kila karatasi tangu UNHCR. Kijana alikuwa nyuma ya wenzake, ndiyo, lakini alikuwa nyuma kwa sababu ya lugha na mapengo ya shule, na sheria ya IDEA inasema wazi kwamba kutojua Kiingereza kusiwe ndo sababu kuu ya kumwita mtoto mlemavu. Inasema pia apimwe kwa lugha yake pale inapowezekana. Alipewa mwalimu wa lugha, hakupelekwa elimu maalum.

Haya sio mapya. Mwaka 1970 California kulikuwa na kesi ya Diana, watoto wa Kimeksiko waliwekwa madarasa ya wenye upungufu wa akili baada ya kupimwa kwa Kiingereza. Mwaka 1979 ikaja hukumu ya Larry P., kwamba vipimo vya IQ vilikuwa vinawaonea watoto weusi, na vyuo vya California vimekuwa vikifundisha kuwapima kwa njia nyingine. Kesi hizi mbili utaulizwa kwenye mtihani, lakini mi naomba uzisome kama habari za watoto wetu.

Na onyo kwa wanaojua Kiswahili: usichukue kipimo cha Kiingereza ukakitafsiri papo hapo halafu ukaandika namba. Vipimo hivi havina kiwango kilichowekwa kwa watoto wa Kiswahili. Neno ambalo ni gumu kwa Kiingereza linaweza kuwa jepesi kwetu, au kinyume chake. Tumia Kiswahili kumjua mtoto na mzazi, kueleza haki zao, kusikia historia, namba acha. Na ujiandae, ukijulikana unajua Kiswahili watakufanya mkalimani wa shule nzima bure, kila mkutano unaitwa. Mwombe supavaiza wako aweke mpaka mapema, maana masaa ya kutafsiria mikutano ya wengine chuo chako kinaweza kukataa kuyahesabu.

Hatua ya 7: mtihani

Praxis ya wanasaikolojia wa shule, namba 5403. Maswali 125 ya kuchagua, masaa 2 na dakika 5, alama ya kufaulu ya NASP ni 155 na majimbo mengi yanatumia hiyo hiyo. Wengi wanaufanya kabla au mwanzoni mwa intanshipu. Unachopima ni maeneo 10 ya kazi ya NASP, kuanzia kutumia data mpaka sheria na maadili, na wetu wengi wanaanguka kwenye sheria kwa sababu hatukukulia humu. Tofauti ya IDEA na kifungu cha 504 cha sheria ya mwaka 1973 inayokataza kubagua wenye ulemavu, nani ana haki ya kuona faili la mtoto, lini unalazimika kuripoti unyanyasaji. Jifunze hizo kama unavyojifunza alama za barabarani. Miezi 2 ya kusoma kila siku saa 1 inatosha.

Hatua ya 8: intanshipu

Mwaka wa tatu. Masaa 1,200, angalau 600 yawe shuleni, mwaka mzima muda wote au miaka 2 mfululizo nusu muda, na supavaiza anakaa na wewe wastani wa masaa 2 kila wiki. Unaomba kuanzia Januari mpaka machi ya mwaka wa pili. Nyingine zinalipa vizuri, nyingine zinalipa kidogo, nyingine hazilipi kabisa, na uliza hili bila aibu kabla hujasaini, pamoja na bima ya afya. Uliza na wilaya za shule za vijijini, maana nyingi hazipati watu.

Uliza pia utafanya nini. Kuna sehemu watakufanya mashine ya kupima, ripoti 70 kwa mwaka, hushauri mtoto hata mmoja, na ukitoka pale hujui nusu ya kazi yako. Omba kuona mpango wa maandishi.

Wa PhD wengi wanapitia mfumo mwingine wa kulinganishwa na vituo kitaifa, uanze kujiandaa mwaka mzima kabla.

Hatua ya 9: leseni na NCSP

Ukimaliza, chuo kinatuma barua ya kukupendekeza kwa jimbo, unachukuliwa alama za vidole, unalipa, unasubiri. Sambamba na hiyo omba NCSP, cheti cha kitaifa cha NASP. Ukitoka programu iliyoidhinishwa ni fomu, transkripti na alama 155, ukitoka isiyoidhinishwa unawasilisha jalada zima la kazi zako. Zaidi ya majimbo 30 yanakitambua kwa namna moja au nyingine kwa hiyo kuhama kunakuwa rahisi. Unakihuisha kila miaka 3 kwa masaa 75 ya kujiendeleza.

Walio na masters ya saikolojia tayari, ya Kenyatta au Makerere au popote, mtaniuliza kama mnaweza kuruka. Kuna programu za kubadilisha fani kwa wenye masters, na kuna vyuo vinahamisha krediti chache, lakini praktikamu na intanshipu hairukwi. Usimwamini mtu anayekuuzia kozi ya miezi 8 mtandaoni.

Barua pepe ya kwanza

Kama unalenga Agosti, ni mwezi wa 9 wa mwaka wa kabla ndo unaandika. Mwandikie mratibu wa programu, sio ofisi ya maombi, jina lake liko kwenye tovuti ya idara. Jitambulishe kwa mistari 3. Kisha muulize: programu imeidhinishwa na NASP mpaka mwaka gani, wahitimu wa miaka 3 iliyopita wangapi wamefaulu Praxis na wangapi wamepata kazi, intanshipu za mwaka jana zilikuwa za kulipwa au la, je mmewahi kuwa na mwanafunzi wa F-1 na alimaliza, na je kuna supavaiza anayefanya kazi na watoto wanaojifunza Kiingereza. Programu nzuri itakujibu yote ndani ya wiki, tena kwa namba. Ikijibu kwa kukutumia kiungo cha kulipia fomu ya maombi, andika kwa nyingine.